Vikombe vya Mji wa Njiani

Mie si mtu wa kukaa na jambo kifuani. Shoga zangu wa hapa Lewisville, Texas, wananijua: likinikera nalisema, likinipendeza nalisema vilevile. Ndiyo maana waliponiuliza kwa nini siku hizi siutaji tena ule mji niliokuwa nikiwasimulia kila Idi, wakaona nimenyamaza, wakajua pana jambo. Basi leo nalisema. Mume wangu alinidanganya miaka miwili, akanidanganya kwa vikombe vya chai, na vikombe vyenyewe vilitoka katika mji huo.

Nianze na mji, maana mji niliupenda kwa haki na sitaki kuusingizia.

Mume wangu ni dereva wa lori. Mwaka 2017 alipata kazi ya kuchukua mizigo kutoka ghala moja la Fort Worth mpaka bandari ya Houston na kurudi. Ratiba yake ilikuwa siku tatu huku, siku tatu kule, na siku ya saba ikategemea mzigo. Mie nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, kubadilisha mashuka na kusukuma viti vya magurudumu. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na mmoja, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Shule zilipofungwa kiangazi kile, mume wangu alitupakia kwenye gari letu dogo akatuonyeshe Houston, na nusu ya njia akaiacha barabara kuu.

"Kuna mji hapa," akasema. "Utaupenda. Una mambo ya kwenu."

Nikacheka. Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, nyumba zimebanana hata jirani akikaanga pilipili wewe ndiwe unayepiga chafya. Hapa nilikuwa naona ng'ombe, nyasi iliyokauka, na tangi la maji limesimama juu ya miguu yake mirefu. Nikamwambia jua la Texas limempanda kichwani.

Lakini alisema kweli. Katikati ya mji palikuwa na mahakama ya kale ya mawe mekundu, na kuizunguka pande zote nne maduka ya matofali yaliyoshikana kuta, mapaa yametokeza mbele kufunika njia, ukitembea unatembea kivulini kama kwetu. Barabara ilikuwa ya matofali pia, na ukingoni mwake bado zimo pete za chuma walizokuwa wakifungia farasi. Mnara wa mahakama ulikuwa na saa nne, moja kila upande, na hakuna mbili zilizokubaliana. Watu wa pale kila mmoja anaiamini ile inayoelekea mlango wake, na hawagombani.

Kilichonimaliza ni mabaraza. Nyumba zao ni za mbao, nyingine rangi imebanduka, lakini kila moja ina baraza mbele na barazani wamo watu, wanabembea kwenye viti, wanamtazama anayepita. Na wanamsalimu. Lewisville nilikuwa nimekaa miaka minane na jirani wa mlango wa pili sijui hata sauti yake. Pale nilishuka na baibui langu nikijua nitatolewa macho, na macho nilitolewa, sisemi uongo, lakini nyuma ya macho ilikuja salamu, na nyuma ya salamu wakaniuliza joto la leo nalionaje. Nikasimama mbele ya baraza la watu nisiowajua nikawaeleza joto nalionaje. Tulimaliza robo saa. Binti yangu aliona haya akajificha garini.

Upande wa kaskazini wa mahakama palikuwa na duka la vitu vya kale, la bibi mmoja wa Kizungu aliyevuka sabini, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Bibi huyu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa jela ya zamani, ambayo wameigeuza makumbusho. Alifunga duka akatupeleka mwenyewe. Alituonyesha mizani ya kupimia pamba, kengele ya stesheni, na picha kubwa ya siku ya mavuno: mabehewa yamejaa pamba, mbele yake mabwana wamesimama na kofia zao, kila mmoja jina lake limeandikwa chini. Nyuma ya mabehewa walikuwamo watu weusi kama ishirini, wake kwa waume, magunia mabegani. Chini yao hapakuwa na kitu. Nikamuuliza bibi hawa ni nani. Akavaa miwani, akaiangalia ile picha muda mrefu, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimheshimu kwa kusema hivyo, maana angeweza kutunga.

Tuliporudi dukani ndipo nilipoviona. Vikombe vya kaure, vyeupe, vina maua madogo ya buluu na mstari wa dhahabu uliofifia ukingoni. Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa na zidaka ukutani, na ndani ya zidaka vyombo vya namna ileile, havishushwi ila kwa harusi au kwa mgeni wa heshima. Nyanya alipofariki watoto wake waligawana, mama akapata sahani moja yenye ufa. Nilikishika kikombe kimoja nikahisi machozi, na mie si mwepesi wa machozi.

Bibi alisema vilikuwa sita, na birika lake, na kibakuli cha sukari, na kijagi cha maziwa, mali ya familia moja iliyokuwa na kinu cha pamba. Masanduku yao yalikuwa ghalani kwake, hajayafungua hata nusu. Anavitoa kadiri anavyovipata. Mume wangu akanunua kile kimoja, akaniambia mbele ya bibi, "Vingine nitakuletea. Napita hapa kila wiki."

Kwetu mtu harudi safarini mikono mitupu, hata kama ni ubuyu wa kufunga kwenye gazeti atakuletea. Mume wangu aliishika desturi hiyo. Ikapita miezi, akaleta kikombe cha pili na kisahani chake. Ikapita mingine akaleta birika. Safari moja alileta kikapu kidogo cha kusukwa chenye kifuniko kilichochongoka, akasema amekikuta gulioni kwenye uwanja wa mahakama, nikakiweka karibu na mlango nikitilia funguo. Kufika mapema 2019 nilikuwa na vikombe vitatu. Niliondoa vitu vyote kwenye rafu ya juu ya kabati nikaweka vikombe peke yake. Nikimuuliza cha nne, anasema bibi bado anatafuta.

Na mie namsifu. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka, jinsi nilivyokuwa namsifu. Mume wangu hajawahi kuzidisha siku nyumbani wala kupunguza. Mwaka 2018 niliugua mafua makali, siku ya tatu ikafika, akanipikia uji, akanifunika blanketi, akaenda zake. Nikawaambia shoga zangu, huyu mwanamume ana nidhamu ya kazi hamjaona. Hata msimamizi wake nilimhurumia, nikidhani ndiye anayembana.

Mwisho wa 2019 nilikuwa nimeshapata leseni na kigari changu kikuukuu. Tulikuwa tumealika watu nyumbani mwezi uliofuata, na nikaona aibu kuwatengea wageni sita vikombe vitatu. Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa bibi nimkumbushe, nimshtukize mume wangu. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko na yeye yuko Houston. Nikamwacha binti shuleni nikashika njia, kikombe kimoja nimekifunga kwa kanga ndani ya mkoba ili tulinganishe rangi.

Mji ulikuwa vilevile. Watu walikuwa mabarazani na makoti yao. Bibi aliniona mlangoni akafurahi, akaniuliza habari za binti, akanivutia kiti. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza, nayaandika kwa Kiswahili changu.

"Nimefuata vikombe vilivyobaki," nikamwambia.

"Vilivyobaki? Mwanangu, vimekwisha. Cha mwisho mumeo alichukua tangu Aprili."

"Cha mwisho kipi? Mie ninavyo vitatu."

"Na Houston vitatu." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayemsifu mwanawe. "Mumeo ni mtu wa haki. Akichukua chako safari hii, safari ya pili anachukua cha Houston. Ulipopata birika, akaniuliza kibakuli cha sukari na kijagi vikiwekwa pamoja vinalingana na birika au havilingani. Tukakaa hapa tukashauriana. Sijaona kaka anayemjali dada yake namna hiyo."

Dada za mume wangu ni watatu, wote wako Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege.

Nakumbuka nilitazama dirishani nikaiona saa ya mahakama, ile ya upande wa bibi, na nikaona inakwenda. Bibi akainuka akaingia nyuma, akarudi na kijiboksi kilichofungwa gazeti, kimebandikwa karatasi. Alisema ni kifuniko cha kibakuli cha sukari, alikuwa amekitafuta miezi, sasa amekipata chini ya mapazia. Alikuwa akitaka kukipeleka posta. "Lakini kama utaonana na wifi yako, mpelekee wewe," akasema. "Nitafurahi kisipotupwatupwa njiani."

Ile karatasi ilikuwa na anwani, kwa mwandiko wa mume wangu, mtaa wa Gulfton, nambari ya jengo na ya mlango. Juu yake bibi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, Houston. Na rafuni nyuma yake nikaona kikaratasi kingine cha zamani, kwa kalamu ileile, Dallas. Huyo ndiye mie, maana Lewisville iko pembeni mwa Dallas.

Nilimshukuru, nikamuaga, nikaingia garini. Kushoto ilikuwa njia ya nyumbani, kulia Houston. Nikakata kulia.

Saa mbili nzima nilisema peke yangu garini. Dini inamtaka mwanamume mwenye wake wawili agawe sawa: siku, nguo, chakula. Mume wangu, tumpe haki yake, alilishika hilo barabara. Siku tatu kwa siku tatu, vikombe vitatu kwa vitatu, birika kwa sukari na maziwa. Alichosahau ni kimoja tu, kunijulisha. Mie si mgeni wa mambo haya. Baba yangu aliongeza mke nilipokuwa na miaka tisa. Alimketisha mama chumbani, akamwambia kwa kinywa chake kabla mtu wa nje hajamwambia, akamwekea doti mbili za kanga mapajani. Mama alilia wiki nzima, lakini alikuwa anajua analilia nini. Mie nilinyimwa hata hicho kilio. Niliachwa nikisifu nidhamu ya kazi.

Gulfton ni maghorofa baada ya maghorofa, nguo zimeanikwa kwenye vyuma vya ngazi, watoto wa kila taifa wanacheza kati ya magari. Nilipata mlango kwa urahisi. Matusi nilikuwa nimeshayapanga, nimeyachagua moja moja njiani, na ya pwani tunayo.

Alifungua mwanamke mdogo kuliko mie kwa miaka kama kumi, bado amevaa sare ya hoteli anakofanya usafi. Alinitazama. Akautazama mkoba, kanga imechungulia. Akapiga goti kidogo, akanipa mikono yote miwili.

"Ni wewe bi mkubwa," akasema. "Karibu, dada. Nimekungoja miaka miwili."

Matusi yangu yote yakakosa pa kutua.

Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, na alikuwa amekulia kambini Tanzania kabla ya kuletwa Texas. Mume wetu, aliniambia, alikuwa bandarini na lori tangu alfajiri. Alinikalisha kwenye kochi lake la pekee, akaenda jikoni, na nikajua atakachorudi nacho kabla hajarudi nacho. Vikombe viwili, vyeupe, maua ya buluu. Sukari ilikuwa kwenye kibakuli kilichofunikwa kwa kisahani.

"Navitunza sana," akasema. "Siwapi wageni. Leo tu kwa kuwa ni wewe mwenyewe uliyenitumia."

"Niliyekutumia?"

"Kila akileta kimoja aliniambia, dada yako amekukumbuka. Nilimuuliza, huyu mwanamke ana moyo wa namna gani? Akasema huko kwenu pwani ndiyo desturi. Mke mkubwa akimkubali mdogo anamgawia vyombo vyake nusu kwa nusu, ili mezani wawe wamoja. Nikasema sawa, lakini kwa nini haji? Akasema moyo wake bado, mpe muda." Akakaa kitako sakafuni mbele yangu. "Kikapu changu ulikipata? Nilikisuka mwenyewe. Cha harusi kile, kwetu hakipewi mtu hivihivi."

Kikapu ninachotilia funguo.

Nimezaliwa pwani, nimelelewa pwani, hakuna desturi hiyo. Mwanamume huyu aliitunga garini, labda kwenye ile ile barabara niliyopita mimi nikitukana. Alichukua kumbukumbu ya zidaka za nyanya yangu, kitu nilichomwambia yeye peke yake, akakigeuza ukarimu wangu, akaenda kuoa kwa ukarimu huo. Nilikuwa nimesalitiwa nikiwa mwema, na wema wenyewe sikuufanya.

Nilikuwa na hiari ya kunyamaza. Yule binti wa watu alikuwa na furaha. Lakini nilisema tangu mwanzo, jambo kifuani kwangu halikai, na sikutaka mtu mwingine anywe chai ya uongo mbele yangu.

"Sikukutumia kitu," nikamwambia. "Nimejua kama upo leo, saa nne asubuhi."

Alikishusha kikombe polepole mpaka kikagusa kisahani. Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli hata kikapu sikuambiwa kimetoka kwake, nikamwambia niliambiwa cha gulioni. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Nimekuombea dua kila nilipoviosha, dada," na sauti yake ilikuwa ya hasira, si ya majuto. Nikaona hasira zetu zinaelekea kwa mtu mmoja. Nikampa kile kijiboksi. Alikifungua, akaondoa kisahani juu ya sukari, akaweka kifuniko. Kilikaa sawasawa.

Mlangoni aliniuliza amwambie nini akirudi. "Mwambie nilikuja," nikasema. "Mwambie nilikunywa chai."

Kurudi nilipita pale njia inapochepuka kwenda mjini, nikaliona lile tangi la maji. Sikukata kona. Nilimhurumia bibi, maana hakukosa kitu, na ningetaka kumwambia. Lakini ningemwambia nini, na jioni yote angekuwa na mimi kichwani. Baada ya miezi michache ugonjwa wa korona ukaja, maduka yakafungwa, na nikasikia la bibi halikufunguliwa tena. Yale masanduku sijui yalikwenda wapi.

Kesho yake nilishusha vikombe kutoka rafu ya juu. Nilivifunga vitatu, visahani vyake, na birika, kila kimoja na gazeti lake, nikajaza pembeni kanga mbili kuukuu visigongane. Ndani nikaweka kikaratasi: hivi vimetoka kwangu kweli. Nikavipeleka posta. Kikapu cha funguo nilikiosha, nikakipandisha kwenye ile rafu, peke yake.

Mume wangu alirudi siku yake ilipofika, si mapema, si kuchelewa. Alikuwa ameshaambiwa, nilijua tangu alipovua viatu, maana alivipanga ukutani kwa uangalifu mno. Kutoka Houston mpaka Lewisville ni saa nne. Alikuwa na saa nne nzima barabarani za kutafuta neno, na mie nilikuwa tayari kulisikiliza, lolote lile, hata liwe bovu. Nilimtengea chai kwenye kikombe cha plastiki. Akasema ahsante. Akauliza baridi ya huku ilikuwaje.

Binti yetu alikuja mezani, akafungua kabati atafute biskuti, akasimama. Akauliza, kwa Kiingereza chake, vile vikombe vya maua viko wapi.

Nikamtazama mume wangu. Nilimngoja yeye. Nilitaka kwa moyo wangu wote aseme, na kama angesema, wallahi sijui ningefanya nini, huenda ningelia tu kama mama.

"Vimevunjika, mwanangu," akasema. Hata hakuinua macho. "Vilikuwa vya zamani."

Nikavuta kiti kilichokuwa karibu naye.

"Havikuvunjika," nikamwambia binti yangu. "Viko vyote sita, vizima. Kaa hapa, baba yako atakwambia viko kwa nani."